Nani Atamjibu Mpangaji? Barua ya Wazi Kuhusu Vyeti vya Nyumba za Kijani

Kwa Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi (BORAQS), Bodi ya Wahandisi wa Kenya (EBK), Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA)

Waheshimiwa wenyeviti na wakurugenzi,

Nawaandikia ninyi wanne kwa barua moja kwa makusudi. Ningemwandikia mmoja wenu peke yake, jibu ningelijua kabla sijaifunga bahasha: suala hilo haliko kwetu, jaribu ofisi ya pili. Na ndivyo mambo yalivyo kweli. Nyumba inayouzwa Kenya leo kwa sifa ya kuwa ya kijani imepitia mikono ya msanifu majengo, mkadiriaji majenzi, mhandisi, mkandarasi, fundi umeme na mtaalamu wa tathmini ya mazingira. Kila mmoja wao ana ofisi iliyomsajili au kumpa leseni, na akiharibu kuna mahali pa kumshtaki. Anayebaki nje ni yule anayekuja mwisho na kusema kwamba nyumba hii, naam, inatumia umeme na maji kidogo kuliko nyingine. Huyo, kwa sheria zetu, hana kwao.

Mimi ni msanifu majengo wa Mombasa. Sehemu ya riziki yangu natoa kwenye kazi hiyohiyo ya kuwashauri wastawishaji namna ya kupata vyeti vya kijani, kwa hiyo msinisome kama mtu aliyekuja kuvipiga vita. Nimeona majengo yaliyobadilika kwa sababu ya cheti: madirisha yakapungua upande wa magharibi, vibaraza vikaongezwa, paa likapakwa rangi nyeupe, mambo ambayo mteja angeyakataa kama ningemwambia tu kwamba ni vizuri. Cheti kilinipa mkono wa kumshika. Lakini kitu chenye nguvu ya namna hiyo kikikosa mwenye kukijibia, nguvu yake haichukui muda kugeuka.

Kwa wananchi watakaoisoma barua hii pamoja nanyi, nieleze kazi yenyewe inavyokwenda. Mfumo unaojulikana zaidi hapa kwetu kwa nyumba za kuishi ni EDGE, ulioanzishwa na IFC, taasisi ya Benki ya Dunia inayoshughulika na sekta ya kibinafsi. Sharti lake halina maneno mengi. Jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya kawi, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya kawi au kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vyake vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Mstawishaji huajiri mshauri, ambaye huingiza vipimo vya jengo katika programu na kuona ni wapi pa kupunguza. Mkaguzi hupitia michoro na hesabu, na taasisi ya uthibitishaji ikiridhika hutoa cheti cha awali. Jengo likimalizika, mkaguzi hufika mwenyewe kuangalia kama kilichochorwa ndicho kilichojengwa, kisha cheti kamili hutolewa. Mfumo wenyewe unakataza aliyekuwa mshauri wa mradi kuwa mkaguzi wa mradi huohuo. Hilo ni jema, nami sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni kwamba katazo hilo ni la mkataba baina ya watu binafsi. Halimo katika sheria ya Kenya. Mkaguzi anawajibika kwa taasisi ya uthibitishaji, ambayo huenda makao yake yako ng'ambo, na taasisi hiyo ina mkataba na mstawishaji. Mpangaji wa ghorofa ya nne hamo katika karatasi yoyote. Akihisi amedanganywa atakwenda wapi? BORAQS watamwambia kwamba mkaguzi si lazima awe msanifu majengo. EBK watasema si lazima awe mhandisi. EPRA watamuuliza kama jengo lake linatumia umeme wa kutosha kuwahusu. Na NCA wanamjua mkandarasi tu.

Tena mji wetu ni mdogo. Wanaofanya kazi hii pwani nzima tunajuana kwa majina, kwa magari, na kwa mikahawa tunayokunywa chai. Leo mimi ni mshauri na wewe ni mkaguzi wangu, mwezi ujao kwenye mradi mwingine tunabadilishana viti. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Lakini ni nani atakayemkazia mwenzake mwezi huu akijua mwezi ujao zamu ni yake? Sisemi kuna hongo. Nasema kuna nipe nikupe ya kistaarabu kabisa, isiyohitaji hata kutamkwa.

Jambo hili lingekuwa dogo kama vyeti vingekuwa mapambo ya ukumbini. Si mapambo tena. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kwa hatifungani ya kijani, ya kwanza nchini, ili kujenga mabweni ya wanafunzi. Tangu hapo wawekezaji na benki wamejua kuuliza: je, jengo lina cheti? Mkopo hutegemea jibu, na bei ya nyumba vilevile. Saini ya mkaguzi sasa ina thamani ya fedha, na fedha ikishaingia, adabu ya watu peke yake haitoshi.

Nichukue mfano mmoja ambao ninyi wa EPRA mtauelewa haraka, maana unahusu hesabu ya umeme. Nyumba nyingi za kawaida hazina kiyoyozi. Sasa programu itahesabuje akiba ya kupooza nyumba isiyo na mashine ya kupooza? Inafanya hivi: inakisia kama mkazi atasikia joto, na akisikia, inahesabu umeme ambao ungehitajika kumpooza, kana kwamba mashine ipo. Umeme huo wa kudhaniwa huingizwa kwenye hesabu. Ukitia kivuli dirishani au ukipaka paa rangi nyeupe, umeme huo wa kudhaniwa unapungua, na asilimia yako ya akiba inapanda. Hakuna udanganyifu hapo. Jambo hilo limeandikwa wazi katika maelezo ya mfumo, na hoja yake ina mantiki, kwa sababu nyumba yenye joto leo ndiyo itakayofungwa kiyoyozi kesho. Mimi mwenyewe ningeitetea hoja hiyo mbele ya mtu yeyote.

Lakini mfuateni muuzaji. Amesimama kwenye nyumba ya maonyesho, mkononi ana kijitabu chenye picha ya jani, anamwambia mwalimu aliyekuja na mumewe kwamba gharama ya stima itashuka kwa robo. Mwalimu anahamia. Nyumbani kwake ana feni mbili, friji, televisheni na pasi. Tokeni za stima anazonunua ni zilezile alizokuwa akinunua kule alikotoka, kwa sababu sehemu kubwa ya ile robo ilikuwa umeme ambao hakuwahi kuutumia na hakuwahi kuulipia. Alichokipata ni chumba chenye joto la afadhali saa tisa alasiri, na hicho ni kitu cha thamani sana Mombasa mwezi wa Machi. Hakuna aliyemwambia kwamba hicho ndicho alichonunua. Mshauri alijua. Mkaguzi alijua. Kijitabu cha mauzo hakikupita kwa yeyote kati yao, wala hakuna kanuni inayotaka kipite.

Siku ya ukaguzi nayo mngeiona. Mkaguzi anafika asubuhi, mafundi wa rangi bado wako juu ya ngazi. Anafungulia shawa ndani ya ndoo ya lita 10 huku akitazama saa ya simu. Anapima dirisha kwa tepu. Anapiga picha lebo ya taa, lebo ya bomba, lebo ya choo. Anaomba risiti za vioo na anapewa risiti. Kama vioo vilivyo dirishani ndivyo vilivyo kwenye risiti, hilo ni jambo jingine, kwa sababu kioo cha kuzuia joto na kioo cha kawaida chenye rangi hufanana sana machoni. Anachagua vyumba vichache kati ya vyote. Jioni anaondoka, na pengine hatarudi tena maishani mwake.

Baada ya hapo ndipo watu wanahamia. Maji ya bomba mjini Mombasa ni ya mgao, kwa hiyo majengo mengi yamechimba visima, na maji ya kisima karibu na bahari yana chumvi. Mdomoni mwa bomba kuna kile kichujio kidogo cha duara ambacho ndicho hasa kinachopunguza maji. Chumvi inakiziba. Miezi michache tu, maji yanatoka kama machozi. Mpangaji anamwita fundi bomba wa mtaani. Fundi anakifungua kwa koleo, anakigonga ukingoni mwa sinki, anakitazama, anakitupa. Maji yanatoka kwa nguvu na kila mtu anafurahi. Akiba ya maji iliyoandikwa kwenye cheti imeishia kwenye ndoo ya taka pamoja na kile kichujio, na cheti bado kimetundikwa chini ukumbini, kioo chake kikifutwa vumbi kila Jumatatu.

Nani alikosea hapo? Fundi bomba hakuwahi kuambiwa kichujio kile ni cha nini. Mwangalizi wa jengo, ambaye ndiye angeweza kuvisafisha vichujio kwa siki, hayumo katika orodha ya fani zinazotambuliwa na mfumo wowote, wakati kati ya wote wanaolihudumia jengo ndiye peke yake anayelala ndani yake. Mhandisi aliyejua kwamba maji yatakuwa ya kisima hakuulizwa na mshauri. Mshauri alikuwa akitafuta asilimia 20. Ukipima nyumba kabla haijakaliwa unamsifu mpishi kwa kunusa sufuria ambayo bado haijabandikwa jikoni. Ngazi ya juu kabisa ya EDGE, ile ya kutotoa kaboni, ndiyo inayodai takwimu za matumizi baada ya watu kuhamia. Ngazi ya kawaida, ambayo ndiyo tunayoitumia karibu sote, haidai.

Tumewahi kupita njia hii. Mwaka 2012 zilitoka kanuni za kupasha maji kwa jua. Jengo lenye kuhitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lilitakiwa kupata angalau asilimia 60 ya maji hayo kwa mwaka kutokana na jua. Majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano. Kanuni ziliwataja wamiliki, wastawishaji, wasanifu na wahandisi, na hata msambazaji wa umeme akaambiwa asiunganishe stima kwenye jengo lisilo na mtambo. Kwa karatasi, hakuna aliyeachwa nje. Kwa vitendo, kila mmoja alimtazama mwenzake. Wastawishaji walilalamikia gharama, utekelezaji ukadorora, na nimepanda mapaa ya Nairobi nikakuta mitambo iliyowekwa ili jengo lipite tu: bomba la maji moto halijavikwa chochote na linatembea mbali hadi bafuni, maji yanafika yamepoa, na mpangaji amefunga shawa ya umeme ya kilowati 5 hivi, anayoiwasha saa kumi na mbili asubuhi pamoja na Nairobi nzima. Jua lilikuwepo, mtambo ulikuwepo, na sheria ilikuwepo. Alikosekana mtu mmoja mwenye jina, ambaye kazi yake ingekuwa kurudi kuangalia kama maji yanapata moto.

Linganisheni na saini ya mhandisi wa miundo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua watu karibu 50. Baada ya msiba ule hakuna aliyekuwa na shaka ni maswali gani ya kuuliza: nani alichora, nani aliidhinisha, nani alikagua. Majibu yalikuwa ya aibu, lakini maswali yalikuwa na anwani. Nyumba inayokula umeme kupita ilivyoahidi haiui mtu, najua. Inamkamua mtu mmoja mmoja, shilingi mia tatu hapa, mia tano pale, kwa miaka yote atakayoishi humo, na kwa kuwa hakuna kishindo hakuna anayeuliza.

Wenzetu wamejaribu mengi. Marekani kuna wapimaji wa nyumba wanaofanya kazi chini ya RESNET, shirika lililoanzishwa mwaka 1995. Nyumba hupewa alama: 100 ni nyumba iliyojengwa kwa kiwango cha mwaka 2006, na sifuri ni ile inayozalisha kawi sawa na inayoitumia. Kinachonivutia mimi si alama. Ni kwamba kazi ya mpimaji nayo hupimwa: asilimia 10 ya majalada yake hupitiwa upya, na asilimia 1 ya nyumba hurudiwa palepale na mtu mwingine mwenye vifaa vyake. Asilimia 1 ni ndogo, lakini hujui ni nyumba ipi, na hilo hubadilisha mkono wa mtu anapoandika.

Uingereza, kwa upande mwingine, ina karatasi tele. Nyumba zimekuwa na vyeti vya kawi vya herufi A hadi G tangu 2007, na huko England na Wales mwenye nyumba haruhusiwi kupangisha iliyo chini ya E bila kibali maalumu. Hata hivyo mwezi wa Oktoba 2025 ofisi ya taifa ya ukaguzi wa hesabu ya nchi hiyo iliripoti kwamba takriban asilimia 98 ya nyumba zilizovikwa tabaka la kuzuia baridi kwenye kuta za nje, chini ya mpango uliowekwa na serikali, zilikuwa na kasoro za kurekebishwa, la sivyo kuta zingeingia unyevu na ukungu. Mpango huo ulikuwa na vyombo vya viwango, vyombo vya kuidhinisha mafundi, na vyombo vya kuwatazama waidhinishaji. Kila chombo kilishika kipande chake. Mkinisoma mkafikiri nadai chombo kipya cha tano cha kukaa nanyi mezani, basi nimejieleza vibaya. Vyombo tunavyo vya kutosha.

Ninachoomba kinaanzia kwa EPRA. Tayari mnatoa leseni za wakaguzi wa kawi. Kanuni za usimamizi wa kawi za 2012 zilivitaka viwanda na majengo yanayotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka vikaguliwe kila baada ya miaka mitatu. Fanyeni hesabu: familia inayotumia kilowati-saa 150 kwa mwezi hutumia 1,800 kwa mwaka, kwa hiyo ingehitajika milango 100 ya namna hiyo kufikia kiwango chenu, na hata ikifika kila mlango una mita yake. Nyumba za kuishi zimeanguka chini ya meza. Fungueni daraja la leseni kwa ajili ya nyumba, lenye mtihani unaofaa nyumba, na BORAQS na EBK walitambue daraja hilo ili msanifu au mhandisi atakayelishika aweze kuadhibiwa na bodi yake akilitumia vibaya. Majina yawe wazi mtandaoni, yatafutwe na mtu yeyote mwenye simu, na yaliyofutwa yaonekane kwamba yamefutwa. Cheti chochote cha kijani kitakachotumika kuuza au kupangisha nyumba Kenya, kiwe kimetolewa London au Washington, kiwe na jina na namba ya mtu aliyemo katika orodha hiyo.

Fedha zake je? Hapa najua nitawaudhi wateja wangu. Mstawishaji aendelee kulipa, kwa sababu hakuna mwingine wa kulipa, lakini asimchague mkaguzi. Alipe ada kwenye mfuko, na mfuko umpangie mkaguzi kwa zamu, ikiwezekana kutoka kaunti nyingine. Mkaguzi wa Kisumu akija Mombasa atagharimu nauli ya ndege au ya treni na usiku mmoja hotelini. Ukilinganisha na bei ya jengo ni fedha ya chai. Na kila mwaka nyumba chache, zichaguliwe kwa kura, zirudiwe na mkaguzi wa pili asiyemjua wa kwanza.

Kwenu NCA. Mnasajili mafundi na wasimamizi wa mijengo, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja. Mnajua kuliko mimi kwamba nyumba ya kijani hujengwa na fundi. Mshauri huichora tu. Fundi anayefunika bomba la maji moto, anayeziba mwanya kati ya fremu ya dirisha na ukuta, anayelaza tabaka la kuzuia joto chini ya mabati bila kulikanyaga likabapa, huyo ndiye mwenye asilimia 20 mkononi. Leo jina lake haliko popote kwenye jalada la cheti. Liandikwe. Mtihani wake uwe na swali la kwa nini, si la vipi peke yake. Nimefanya kazi na fundi mmoja wa Kilifi ambaye, nilipomweleza kichujio cha bomba ni cha nini, alikwenda akanunua chenye matundu makubwa kidogo yasiyozibwa haraka na chumvi, kinachopunguza maji vilevile. Mimi nisingelijua hilo. Halimo katika programu.

Kwa fani yangu mwenyewe, BORAQS, naomba kitu kimoja ambacho kitaonekana kidogo. Msanifu anayeweka muhuri kwenye mradi wenye cheti cha kijani awajibike pia kwa maneno ya kijitabu cha mauzo yanayotaja akiba. Pawe na ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kueleweka, anaopewa kila mnunuzi na mpangaji kabla ya kutia saini: akiba hii ni kiasi gani kwenye tokeni zako, kiasi gani ni joto ambalo hutalisikia, maji yamehesabiwa ya bomba au ya kisima, na nini kikiondolewa ahadi inavunjika. Baada ya miezi 12 tangu jengo lijae, jumla ya umeme na maji iliyotumika kwa jengo zima ichapishwe, bila kutaja mlango wa mtu. Mkaguzi aliyetia saini aeleze tofauti kama ipo. Huenda ana sababu nzuri kabisa. Aiseme.

Kuna jambo la pwani ambalo siwezi kuliacha, ingawa litarefusha barua. Vipimo tunavyoviazima vina nchi zake. Kule Marekani mpimaji hufunga feni kubwa mlangoni, akavuta hewa, akapima nyumba inavuja kiasi gani, kwa sababu kwao upepo unaopenya ni hasara ya joto wakati wa baridi. Ukimletea mtu wa Mombasa nyumba isiyopitisha upepo atakurudishia. Hapa nyumba hupangwa kwa pepo za kaskazi na kusi. Chumba kinataka tundu la kuingilia upepo na tundu la kutokea. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zina kuta nene za matumbawe, vyumba vyembamba vilivyopangwa na urefu wa boriti, ua katikati, na vichochoro vinavyotiliana vivuli. Wajenzi wake hawakuwa na cheti. Sitaki turudi kujenga kwa boriti, mikoko yenyewe imepungua. Nataka mtihani wa mkaguzi wa nyumba za pwani usitungwe na mtu ambaye hajawahi kulala Mombasa usiku wa Februari stima ikiwa imepotea. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko hapa Tudor, kiulizeni.

Na tafadhali msifanye hili kuwa mzigo wa mtu anayejijengea vyumba viwili Likoni kwa fedha ya chama. Rwanda ilipotoa mfumo wake wa kiwango cha chini cha majengo ya kijani mwaka 2019 ilianza na majengo makubwa. Nasi tuanze na wanaouza: anayejenga milango mingi na kuitangaza kwa jina la kijani, huyo ndiye abanwe. Anayejijengea mwenyewe apewe ushauri wa bure na aachwe ajenge. Tuna kanuni mpya za taifa za ujenzi zilizoanza kutumika Machi 2025 badala ya zile za 1968, na kaunti bado zinajifunza kuzisoma. Huu ndio wakati wa kuingiza fani hii ya ukaguzi katika mazoea ya kaunti, kabla mazoea hayajaganda. Cheti cha kuruhusu jengo likaliwe hutolewa na kaunti. Iwe ni hapohapo, kwa afisa anayekitoa, ndipo namba ya mkaguzi inapoonyeshwa.

Wapo watakaowaambia kwamba nikipata ninachoomba, miradi ya kijani itapungua kwa sababu ukaguzi utakuwa mkali na ghali. Pengine itapungua kwa mwaka mmoja au miwili. Nitakosa kazi kadhaa, na wenzangu pia. Wateja wa kweli watabaki, maana benki itawauliza cheti hichohicho. Watakaopungua ni wale waliokuwa wananunua jani la kijitabu.

Mkiitisha kikao cha maoni, nawaomba kisiwe cha hoteli ya Nairobi na wataalamu watupu. Kifanyeni katika jengo lenye cheti, lililokaliwa zaidi ya mwaka, na muwaalike mwangalizi wake, fundi bomba wake na wapangaji watatu wenye risiti zao za tokeni. Muwaambie pia Kenya Power waje na takwimu za mita. Mimi nitakuja na michoro na hesabu zangu za miradi niliyoshauri, pamoja na ile ambayo matumizi yake hayakulingana na cheti, na nitakuwa tayari kuulizwa maswali mbele ya watu wote.

Wenu katika kazi,
Msanifu majengo, Mombasa